Kiti cha Shangazi

Gari letu lilikuwa moja, ila liliishi maisha mawili, kama yule mwanamume mwenye nyumba mbili: huku anaitwa baba, kule anaitwa mpenzi, na kote anafika amechelewa.

Jumatatu hadi Ijumaa lilikuwa langu. Asubuhi nililijaza wanawake wenzangu, nikatupa robota la vitambaa kwenye buti, tukavuka kilima kwenda karakana ya ushonaji. Jumapili lilikuwa la mume wangu. Alitoa kiti cha nyuma, akavaa kofia ngumu, akaenda kushindana kwenye uwanja wa zamani wa ndege, mahali ambapo ndege haijatua tangu tukiwa wadogo lakini wanaume wazima bado wanakwenda kujaribu kupaa.

Katikati ya sisi wawili alikaa fundi. Huyo ni mjomba wa mume wangu, na mtaa mzima unamwita Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza. Magari ya watu hufanyiwa sevisi mita ikifika namba iliyoandikwa na kiwanda. Kimya alikuwa na namba zake. Kwake, kilomita moja ya Jumapili ilihesabiwa kumi.

"Wiki gari linatembea," alisema. "Jumapili linakimbizwa kama mwizi. Aliyetembea na aliyekimbizwa hawawezi kuoga maji sawa."

Kwa hiyo mita ikisema bado, Kimya alisema tayari, na oili ikamwagwa. Nilikuwa naringa kazini kwamba hakuna gari linalotunzwa kama letu. Ndiyo maana ule mlio ulinikosesha raha.

Ulianza mvua zilipokatika. Si mlio wa kumshtua mtu. Ni krrr fupi, chini, nyuma, kama panya anayejaribu gunia halafu akaghairi. Ulitokea mahali pamoja tu: tukishavuka tenki la maji, kwenye kona ya kulia yenye kibonde, pale barabara inapoanza kushuka kilima kona kwa kona hadi lango la karakana. Abiria wangu hawakuusikia, na siwalaumu. Gari likiwa na Shangazi, Mama Pacha na Bi Harusi, hata treni ikipita juu ya paa hamtaisikia.

Shangazi ni dada wa marehemu baba mkwe wangu, mkubwa wa meza ya kukatia vitambaa, mwanamke ambaye Mungu alipokuwa anamuumba hakubana matumizi. Alikaa nyuma kushoto, dirishani, siku zote. Kiti cha mbele alikikataa. "Mbele mtu unaiona ajali kabla haijafika," alisema. "Mimi ije inikute naongea." Mbele alikaa Mama Pacha, aliyejifanya hapendi umbea na huku ndiye aliyekuwa akiuleta. Bi Harusi alikaa nyuma karibu na Shangazi. Huyo ameolewa zamani na ana watoto watatu, ila harusi yake ilisemwa sana mtaani hata jina likamganda.

Mimi naendesha, wao wanamchambua mke wa msimamizi, na sikio langu liko nyuma, kwenye gurudumu. Krrr. Nikiuliza, "Mmesikia?" Shangazi anajibu, "Tumesikia, na yule mume wake naye amesikia, ndiyo maana amehama chumba."

Nyumbani nilimwambia mume wangu. Akaliendesha peke yake kuzunguka mtaa, akarudi akisema gari linaimba. Wiki iliyofuata nikamwambia tena, akasema labda ni robota. Ya tatu akaanza kunitania mbele za watu: "Mke wangu ana masikio ya sungura. Usiku namgeukia upande wa pili, anauliza nani huyo." Watu wakacheka, nami nikacheka, ila usingizi ukawa unaniruka. Nikiwa nafua nguo, mikono inasimama ndani ya maji. Krrr. Nikiwa naunga mkono wa shati, mashine inakimbia, nami namsikiliza panya wangu.

Ndipo Ijumaa jioni nikasema neno langu. Jumamosi ilikuwa siku ya sevisi kubwa kabla ya mbio za mwisho za msimu, na mume wangu alikuwa nafasi ya pili. Nikamwambia, "Fanyeni sevisi yenu. Lakini mlio huu usipopatikana, Jumatatu sibebi mtu. Siwezi kushuka kile kilima na roho nne ndani ya kitu nisichokiamini."

"Na mimi kesho kutwa nina mbio," akasema.

"Wewe unakimbia kwenye tambarare. Mimi nashuka kilima na shangazi yako."

Akaanza kugonga gonga meza kwa vidole, na mimi nikaanza kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

Asubuhi uani kwa Kimya palikuwa pamejaa. Pale kwake gari likifunguliwa boneti, watu hukusanyika kama kuna msiba au bahati nasibu. Fundi viatu kahamishia benchi lake upande wetu. Majirani wawili wamekuja kuazima spana, wamesahau kuondoka. Gari liko juu ya shimo, pua imeinuliwa kwa jeki, na Kimya yuko chini yake, sauti tu.

"Oili hii imefanya kazi! Mke wetu, njoo uinuse."

"Sinusi mimi."

"Inuse! Oili ya wiki inanukia mafuta. Oili ya Jumapili inanukia majuto."

Akabadilisha filta ya oili, akatoa plagi moja moja, akazitazama kwenye jua kama mtu anayekagua meno ya mbuzi. Filta ya hewa aliigonga ukutani, vumbi likatoka la kufunika kaburi, akaitupa akaweka mpya. Kisha akaja kwenye breki. Hapo mimi niliingizwa kwenye kiti cha dereva nikanyage pedali, maana mume wangu alikuwa kwenye simu na wenzake wa mbio, anakwenda mpaka getini, anarudi, anakwenda.

"Kanyaga! Shikilia! Shikilia, mke wetu, si unabembeleza mtoto! Achia!"

Mafuta ya breki ya zamani yalitoka meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Yalipokuja mapya, meupe, pedali ikawa ngumu, ikasimama juu. Tairi za mbele zilikuwa zimetolewa, pedi zikawekwa mpya. "Jumapili hula mbele," alisema Kimya, kama anavyosema kila mara. Za nyuma hakuzitoa. Alizama shimoni, akafungua nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye breki, akautoa, akaibuka na mguno wa kuridhika.

"Na mlio?" nikauliza.

"Gari hili sasa hivi lingeweza kuoa."

"Mjomba, mlio?"

Mume wangu akachukua ufunguo, akaenda hadi tenki la maji peke yake. Akarudi. Hakuna. Akaenda na Kimya. Wakarudi wanacheka jambo lao wenyewe. Hakuna.

"Gari linaimba," mume wangu akasema.

"Kwa sababu ni tupu," nikasema. "Tangu lini mimi nikaendesha gari tupu?"

Wakatazamana. Unajua wanaume wa gari la mbio: kwao gari likipungua uzito ndiyo limepona. Wanatoa kiti, wanatoa tairi la akiba, wakipata nafasi watamtoa na dereva. Haikuwahi kuwapitia akilini kwamba gari langu huugua likishiba.

"Lijazeni," nikasema. "Nawaleta watu wangu."

Bi Harusi sikuwa na haja ya kumwita, alikwisha fika. Alisikia kuna ugomvi. Mama Pacha nilimtoa kwenye beseni, povu hadi kwenye viwiko. Shangazi alikuwa anasukwa. Alikuja nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, akatangulia kuuliza, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Shangazi. Tunataka kusikiliza gari."

"Kwani limeanza kusema? Mngeniita mapema."

Sasa tazama mambo yalivyokwenda. Mume wangu alikaa kwenye usukani, na mara alipomwona Shangazi alitoka tena, akazunguka, akafungua mlango wa mbele. "Karibu, Shangazi." Kwetu mwanamume hamwendeshi dada wa baba yake akiwa nyuma kama mzigo wa sokoni, tena mbele ya fundi viatu na majirani. Na Shangazi, pamoja na hofu yake ya kuona ajali, asingeweza kumwaibisha mtoto wa kaka yake. Akajipanga mbele, akafumba macho. Mama Pacha akarudi nyuma kulia, Bi Harusi katikati, mimi nikabaki na dirisha la kushoto.

"Kimya mpaka kona," mume wangu akaagiza.

"Nimeitwa?" Kimya akauliza kutoka uani.

Tukaondoka. Kunyamaza kwa wale wanawake kulikuwa kugumu kuliko kazi ya kutwa. Tulipita duka, tukapita nyumba ya yule msusi aliyeachwa na kazi nusu, naye akapunga mkono na kitana. Bi Harusi akavuta pumzi kama anayetaka kupasuka. "Nyumba ile ya bluu," akaanza. "Shhh!" Tenki likapita. Kona ya kulia. Kibonde.

Hakuna.

Hakuna kitu. Gari lilipita kama mkono kwenye hariri.

Mume wangu akageuza, akarudi taratibu. Uani akaniwekea mkono begani, kwa upole, na upole ule niliuchukia kuliko utani wake wote. "Umechoka tu," akasema. "Wiki yote unaendesha."

"Masikio nayo yana kilomita zake," Kimya akaongeza, na fundi viatu akacheka mpaka akaangusha nyundo.

Watu wakaanza kutawanyika. Shangazi bado kakaa mbele, anatafuta pa kukanyaga ili atoke. Mume wangu anatazama saa, kuna kikao cha madereva mchana, kavaa shati jeupe kabisa. Mimi nilisimama mlangoni nyuma nimeushika mkanda wa kiti bado, nauzungusha mkononi, nauachia, nauzungusha. Mikanda yetu ya nyuma ni ile ya zamani, haijivuti yenyewe. Mtu huirefusha kwa kadiri ya mwili wake na inabaki hivyo. Huu wa kushoto ulikuwa umevutwa hadi mwisho wake. Nilipoufunga ulinilalia mapajani kama kanga ya kuazima.

Nikautazama mkanda. Nikamtazama Shangazi, mbele.

Mungu wangu.

Sasa utalisemaje neno hilo? Niambie. Mbele ya mtaa mzima, kwa dada wa baba mkwe wako, mwanamke aliyekufundisha kukata kola?

"Shangazi," nikasema, "nakuomba ukae mahali pako."

"Mahali pangu ni hapa. Mwana wa kaka kaniweka."

"Pale pako pa kila siku. Nyuma."

"Kwa nini?"

Mama Pacha akaanza kutazama mawingu. Bi Harusi akapata kikohozi. Hata Kimya akashika spana akaifuta, akaifuta tena.

"Nimeuliza kwa nini."

"Mlio huja ukiwa umekaa pale."

Shangazi akageuka polepole, ule upande wa nywele uliosimama ukagusa dari. "Kwa hiyo mlio ni mimi."

"Sijasema hivyo, Shangazi."

"Umesema. Ila umelikunja kwa ndani, kama pindo."

"Basi achana nalo," mume wangu akanikaripia, kidogo. "Shangazi, tusamehe. Tumekusumbua, rudi ukasukwe."

Nadhani bila neno lile la mume wangu angeondoka. Lakini Shangazi hapendi kuombwa radhi na mtu ambaye hajaulizwa. Akaniangalia tena, safari hii kwa muda. Aliniona nilivyokuwa, wiki zile nilikuwa nimekonda, na mshonaji huona hilo kabla ya daktari.

"Hulali," akasema.

"Silali, Shangazi."

"Fungueni huo mlango. Nitakaa. Lakini usipolia, mke wetu, mwezi mzima gari hili ni mimi nitakayechagua mazungumzo, na wewe utacheka hata pasipochekesha."

"Na ukilia?"

"Ukilia, gari litaniomba radhi mimi mwenyewe."

Tukaondoka mara ya pili. Mume wangu kwenye usukani, mimi mbele, wao watatu nyuma, kila mmoja wao kwenye upande wake wa siku zote isipokuwa Mama Pacha. Aliendesha kwa haraka kidogo, kama anayetaka kumaliza jambo la aibu. Duka. Msusi na kitana chake. Nyumba ya bluu, na safari hii Bi Harusi hakuigusa. Tenki la maji. Akakata kona ya kulia, gari likalala kushoto, likaingia kibondeni.

Krrrr.

Refu kuliko nilivyowahi kulisikia.

"Kitambaa kimekamatwa!" Bi Harusi akapiga kelele. Ndivyo inavyolia kwetu karakanani mguu wa mashine ukiuma nguo na wewe bado unavuta.

Mume wangu alikanyaga breki kidogo kidogo, tukasimama pale panapokaa sawa kabla ya mteremko. Akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Akatoka. Na shati lake jeupe akalala chali kwenye vumbi, akapenyeza mkono nyuma ya tairi la kushoto, juu, ambapo macho hayafiki.

Akakaa hivyo. Sisi tumetoka, tumesimama kandoni kama tunaongoja kupigwa picha.

"Mama," akasema kutoka chini. Huniita mama akiogopa. "Njoo."

Nikachuchumaa, nikakifuata kidole chake. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa na kishikizo kilichopinda kuelekea tairi. Upande unaotazama tairi haukuwa mpira tena. Ulikuwa umelambwa, umepauka, umekuwa na manyoya. Mama Pacha akainama juu ya bega langu.

"Zimebaki nyuzi," akasema.

Hatukuhitaji fundi kutueleza maana yake. Nguo ikishakwisha, nyuzi hazikuahidi kitu. Chini yetu barabara ilishuka kona kwa kona, na kule chini kabisa lango la karakana lilikuwa dogo kama kifungo. Siku tano kwa wiki. Nao wanaongea, nami natega sikio.

Nilisikia chuma cha gari kikipoa, tik, tik. Na wanawake wale wote walikuwepo.

Kimya alipigiwa simu, akaja kwa miguu, anahema, amebeba tochi mchana. Akalala pale alipolala mume wangu. Alipoongea hakuwa na utani.

"Springi hizi ni za lini?"

"Za Jumapili," mume wangu akasema.

"Leo ni nini?"

"Jumamosi."

"Na jana, mke wako alipokwenda kazini, zilikuwa zipi?"

Mume wangu akajipangusa vumbi mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Hizi hizi."

Niwaeleze. Gari la mbio hutakiwa lilale chini. Kwa hiyo siku ya mashindano huvalishwa springi fupi na ngumu, na Jumatatu alfajiri, kabla sijaamka, mume wangu alitakiwa kuzitoa na kurudisha ndefu za wiki, zinazoweza kubeba watu na robota. Ndiyo yalikuwa makubaliano yetu tangu siku ya kwanza. Kiti cha nyuma alikirudisha kila Jumatatu bila kukosa, kwa sababu kiti kinaonekana. Springi hazionekani. Tangu mvua zilipokatika na mbio zikawa za mfululizo, alizoea kuziacha. Akiwa ndani peke yake hakuna kinachogusa kitu. Lakini gari likijaa, Shangazi akiwa kwenye kona yake, na ile kona ikija, tairi lilipanda juu likamega mpira. Kila asubuhi kidogo.

"Ningezirudisha msimu ukiisha," akasema. "Si zimebaki mbio za kesho tu?"

Nilikuwa na maneno mengi. Wiki nzima nilikuwa nayahesabu usiku. Yakanikimbia yote. Nikasema tu, "Uliniita sungura."

Akainamisha kichwa.

"Na wewe, Mjomba," nikamgeukia Kimya, "asubuhi hii ulikuwa shimoni. Hizo springi zilikuwa juu ya kichwa chako."

Kimya akafungua mdomo. Akaufunga. Baadaye Mama Pacha alisema ndiyo siku ya kwanza jina lile kumkaa. "Nimezoea kulitazama la Jumapili," akasema mwisho. "Tairi za nyuma sikuzitoa. Nilitazama mbele, kwa kuwa mbele ndiko linakoliwa. La wiki sikulitazama."

Lakini ufundi ni ugonjwa. Hajamaliza hata kujuta, ameshaanza kufikiri. Duka la vipuri lilikuwa limefungwa mchana ule, lisingefunguliwa hadi Jumatatu. "Mpira huu naweza kuuziba," akasema, kwa sauti ya chini, kwa mume wangu. "Gari tupu, tambarare, breki za magurudumu matatu. Kwa siku moja..."

Na mume wangu aliisikia. Nilimwona akiisikia. Alitazama upande wa uwanja wa ndege, vidole vyake vikaanza kugonga gonga paa la gari. Msimu mzima. Nafasi ya pili. Mimi sikusema kitu, sikutaka uamuzi uwe wangu. Simu yake ikalia mfukoni. Ikalia, ikalia.

"Pokea," Shangazi akasema.

Akapokea. Tulisikia sauti ya mwenzake ikimuuliza yuko wapi, kikao kimeanza.

"Siji," akasema. Sauti kule ikapanda. "Hapana. Wala kesho." Ikapanda zaidi. Akamtazama Shangazi, kichwa chake nusu, na Mama Pacha mwenye povu lililokaukia kwenye viwiko. "Gari lina abiria," akasema, akakata.

Tuliliacha lirudi nyumbani polepole kwa gia ya kwanza na breki ya mkono, Kimya ndani, sisi nyuma yake kwa miguu, kama tunaosindikiza bwana harusi asiyetakiwa. Watu walitoka milangoni. Bi Harusi alikuwa na kazi ya kuwaeleza, na kila nyumba tuliyopita, zile nyuzi zilikuwa zimepungua. Tulipofika kwetu ulikuwa umebaki uzi mmoja.

Springi zilitolewa jioni hiyo hiyo. Shangazi alingoja, kichwa kimekwisha kusukwa, akanyoosha mkono. "Nipe."

"Shangazi, zina grisi."

"Nipe. Zitakaa chini ya kitanda changu. Msimu ukianza, ukizitaka utazifuata Jumamosi. Jumapili jioni usipozirudisha nahamia kwenu, na unajua ninavyokoroma." Akazifunga kwenye kitambaa chakavu, akaondoka nazo kama aliyenunua samaki.

Jumapili nyumba ilijaa. Watu walikuja kumtazama dereva ambaye hakwenda. Upepo ulikuwa unatoka uwanjani, na ngurumo za magari zilitufikia vipande vipande. Mume wangu hakukaa. Alifagia ua nilioufagia. Alikaza bawaba ya mlango isiyolegea. Alikuwa kama kuku anayetafuta pa kutaga: anaingia, anatoka, anasimama, anasikiliza. Nilimwelewa. Mimi nilikuwa hivyo tangu mvua. Jioni mtu mmoja akaleta habari kwamba aliyekuwa wa tatu ndiye ameshinda. "Kwa muda gani?" mume wangu akauliza, kisha akapunga mkono asijibiwe, akaenda kuchungulia gari lililokuwa juu ya mawe bila gurudumu la nyuma. Nikampelekea chai hukohuko. Alinionyesha kishikizo alichokinyoosha, nami nikakipima kwa kidole.

Jumatatu tulikwenda kazini kwa miguu, tukilaani. Mpira mpya ukapatikana, ukafungwa, upepo ukatolewa. Safari hii mume wangu ndiye aliyekanyaga na Kimya alitoa tairi zote nne, akinuna.

Jumanne asubuhi nilipasha gari moto. Mama Pacha mbele. Bi Harusi nyuma, robota kwenye buti. Shangazi akajipanga mahali pake, akavuta mkanda hadi mwisho. Gari lilikuwa limesimama juu, springi za wiki, tukaonekana kama watu waliopanda meza.

Duka likapita. Nyumba ya bluu ikapita, na pale dirishani palikuwa na jambo la wazi kabisa la kusemwa, halikusemwa. Tenki la maji. Nikapunguza mwendo. Nikakata kulia, tukalala kushoto, tukaingia kibondeni, tukatoka.

Hakuna.

Tukashuka kona ya kwanza. Hakuna. Ya pili.

"Nilisema," Shangazi akasema kutoka nyuma, amekunja mikono juu ya mkanda. "Haikuwa mimi."

Mama Pacha alicheka mpaka akashika dashibodi, na Bi Harusi akaanza habari ya nyumba ya bluu kwa kasi ya mtu aliyeibeba siku tatu. Wakapokezana, kelele zikajaa hadi kwenye paa. Mimi nilicheka nao. Kisha nikateremsha kioo kidogo, upande wangu, na kwenye kona iliyofuata nikatega sikio.